Goti la Gavana

Champlin, Minnesota
16 Novemba 2024

Mdogo wangu Shekinah,

Barua hii naituma kwa Mama Donatille kama tulivyopatana, naye atakupa Jumapili baada ya ibada. Usinipigie simu ukiwa kazini. Umesema unalala chumba kimoja na Njeri, na Njeri ni mpwa wake Griffins, na Kiswahili anakijua kuliko sisi. Karatasi haina sauti. Ukimaliza kusoma, ichane.

Theluji ya kwanza ilianguka juzi. Wakufunzi wakubwa wamekwisha kupakia farasi wao kwenye malori wakaja huko kwenu kwenye jua, na sisi wadogo tumebaki na barafu. Nina farasi sita. Kila asubuhi nawapaka mafuta ya kupikia chini ya kwato, theluji isigande humo wakatembea kama bibi harusi mwenye viatu asivyovizoea. Kisha nawazungusha ndani ya ukumbi, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Farasi akikaa bure majira ya baridi, uwanja wa mbio ukifunguliwa mwezi wa tano anakuwa hana pumzi wala miguu. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, kungoja bila kukaa.

Elisée bado hatoki. Magurudumu ya kiti chake yanazama kwenye theluji, naye hataki kusukumwa. Anakaa jikoni karibu na dirisha akishona hatamu zilizokatika. Nikimsemesha ananijibu ndiyo au hapana.

Nakukumbusha yaliyotokea kwa sababu wewe ulikuwa bado kambi ya wakimbizi Nakivale. Kiangazi kile mkufunzi Griffins alimpandisha kaka yetu, aliyekuwa mpandaji wake, juu ya farasi ambaye goti lake lilikuwa limechomwa sindano ili asisikie maumivu. Goti likavunjika kwenye kona. Farasi akauawa palepale, akaondolewa kabla mtu hajamchunguza. Elisée hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Hata hilo ningeweza kumwachia Mungu. Lakini Griffins alisimama mbele ya wasimamizi wa mbio akasema kwamba Elisée alikuwa anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, kwamba alisinzia juu ya farasi. Wakamwamini. Mtu huyo alikuwa anakula mezani petu tangu tulipokuwa tukikaa Brooklyn Park na kumwita Elisée mdogo wake.

Wewe hakujui. Kwetu kila mtoto ana jina lake, hatuna jina la ukoo la kututambulisha, na hilo limetusaidia. Fanya kazi vizuri, mwite bosi kama wenzako, na utazame magoti ya farasi wake. Siku atakapomleta daktari na sindano kabla ya mbio, nataka uwe umesimama hapo.

Usimhurumie.

Yaya wako, dada yako mkubwa,
Kasika


Phoenix, Arizona
5 Desemba 2024

Yaya Kasika,

Shikamoo. Nimeipata barua. Mama Donatille aliifunga ndani ya kitenge, akanipa pamoja na sambusa.

Nitakueleza ukweli kwa sababu ulinituma kutazama. Nilitarajia kukuta mtu mwenye meno ya simba. Griffins ni mpole. Anaomba kabla ya kula. Aliponiona nashika ndoo kwa mikono mitupu alininunulia glovu, akaniuliza nyumbani ni wapi. Nilimwambia nakaa kwa shangazi Columbia Heights, huko Minnesota, hakuuliza zaidi. Njeri naye ni rafiki mwema. Tunagawana sabuni na habari.

Mimi ndiye ninayemtunza Gavana, farasi wake bora. Ni mweusi kote, mkubwa, na ana tabia ya kuniwekea kidevu begani ninapomsugua, kama mtu anayetaka kusoma barua ya mwenzake. Miguu yake naipapasa kila siku. Ni baridi na imenyooka. Sindano sijaiona. Wiki iliyopita nilianza kufikiri kwamba labda tulikosea.

Halafu jana, tukiwa kwenye kifungua kinywa, mpanda farasi mmoja alilalamika kwamba amechoka. Griffins akamwambia asije akamfanyia kama kijana mmoja wa Kongo aliyelala usingizi juu ya farasi wake, akaamka hospitali. Wote wakacheka. Njeri alicheka. Na mimi, yaya, nilicheka, kwa sababu kutocheka kungeonekana. Kisha nilienda kwenye kizimba cha Gavana nikauma mkono wa koti langu mpaka nikatulia.

Sina tena swali. Nipo.

Shekinah


Champlin
28 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama bandani, na nilipofika kwenye kile kicheko nilirudi nyuma nikaisoma tena, ili niikariri.

Mabomba yameganda. Nabeba maji ya moto kutoka jikoni, na nikifika kwa farasi wa mwisho ukingo wa ndoo umeshaanza barafu. Wana ndevu nyeupe puani kama wazee wa baraza. Mmoja alishikwa na tumbo kwa sababu hakunywa ya kutosha, nikamtembeza mpaka akajamba, ndipo nami nikakaa chini. Mtu hasemi anafuga farasi wa mbio mpaka amemshukuru Mungu kwa ushuzi.

Krismasi watu wa kanisa walikuja kumwimbia Elisée. Walipomaliza, mzee Bagalwa alitoa blanketi jipya akasema ni zawadi kutoka kwa ndugu yetu Griffins, aliye mbali lakini anatuwaza, na kwamba Bwana anawapenda wanaosamehe. Elisée alitazama dirishani. Mimi nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante, na walipoondoka nikaenda kumtandika nalo yule farasi wa tumbo. Amekwisha kulijambia.

Sasa sikiliza. Kungoja kumenichosha. Ndani ya barua hii kuna kipakiti cha unga. Ni dawa ya maumivu tu, haiui. Mchanganyie Gavana kwenye chakula siku moja kabla ya mbio. Akishinda watampima, wataikuta kwenye damu yake, na Griffins atafungiwa kufundisha farasi. Hatasadikiwa hata akiapa, kama Elisée alivyoapa na hakusadikiwa.

Elisée hajui, na asijue.

Kasika


Phoenix
8 Januari 2025

Yaya,

Unga wako nimeumwaga chooni.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Anayempanda Gavana ni msichana anaitwa Stacy. Ana mtoto mdogo anayemleta asubuhi akiwa bado na nguo za kulalia. Ukimpa farasi dawa asisikie maumivu, na kumbe mguu una kitu, nani anaanguka? Si Griffins. Nilikishika kile kipakiti nikaona sisi ndio tunafanya kile alichofanya yeye. Mimi sikuja huku kwa hilo.

Na kuna jambo jingine. Tangu Jumatatu goti la kulia la Gavana lina joto. Si kubwa, lakini mkono wangu unalijua goti hilo. Akigeuka kushoto anafupisha hatua. Nilimwambia Griffins. Aliinama akalipapasa, kisha akasema nimwekee barafu na nisiwasumbue watu na maneno. Mbio kubwa ni mwezi wa pili, na mwenye farasi anakuja kutoka Minneapolis na jamaa zake wote.

Unataka kumwekea mtego, na yeye anajichimbia mwenyewe. Niachie.

Shekinah


Champlin
15 Januari 2025

Shekinah,

Umesema kweli, na sipendi kuambiwa kweli na mtoto niliyembeba mgongoni. Nangoja.

K.


Phoenix
10 Februari 2025

Yaya yangu,

Imekwisha. Nakuandikia kutoka kwa Mama Donatille, niko kwenye kochi lake, na nguo zangu zimo kwenye mfuko wa plastiki.

Jumamosi asubuhi Griffins aliniambia nikanywe chai mapema. Nikatoka, nikazunguka nyuma ya rundo la majani makavu. Daktari wake aliingia kwenye kizimba na mfuko mdogo. Njeri ndiye aliyemshika Gavana. Niliiona sindano ikiingia gotini. Niliporudi, Gavana alikuwa anatembea kama farasi mpya, na Griffins akaniambia, “Unaona? Barafu yako imesaidia.”

Nilimsugua mpaka akang'aa. Mchana tukampeleka uwanjani, mimi nikimshika, Griffins akiwa kando yetu na suti ya kijivu. Pale farasi wanapotandikwa kuna daktari wa uwanja anayewatazama wote wakipita. Tulipomfikia nikasimama. Gavana naye akasimama. Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kuguna.

Nikamwambia daktari yule, kwa Kiingereza changu hiki, kwamba farasi huyu amechomwa sindano ya goti leo asubuhi, kwamba ana maumivu tangu mwezi uliopita, na kwamba akikimbia ataanguka. Nilisema kwa sauti. Stacy alikuwa ameshakuja na kofia yake; alinitazama, akamtazama Griffins, kisha akarudi nyuma, akaivua.

Griffins akacheka kidogo, akasema huyu msichana ni mgeni, haelewi kazi. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, “Wewe ni nani?”

Nikamwambia, “Mimi ni dada yake Elisée.”

Yaya, natamani ungeuona uso ule. Haukukasirika. Ulishuka, kama hema lililong'olewa mti wa katikati.

Walimwondoa Gavana, wakampiga picha ya mfupa. Kuna ufa. Daktari wa uwanja alisema angevunjika kabla ya kona ya mwisho. Griffins amefungiwa mwaka mzima, yeye na daktari wake, na farasi wake wametakiwa watoke. Njeri alilia, akaniambia kwamba nilitumia sabuni yake miezi mitatu huku nikiwa nyoka. Ni kweli.

Lakini alilolisema Griffins juu ya Elisée bado lipo palepale walipoliweka. Kesi ya zamani hawakuigusa. Wanasema yule farasi wa kwanza hayupo, hakuna cha kupima.

Nimepata kazi kwa mkufunzi mwingine, mama wa Kimeksiko, mpaka mwezi wa nne.

Shekinah wako


Champlin
24 Februari 2025

Mdogo wangu, simba wangu,

Niliisoma barua yako nikapiga vigelegele bandani mpaka farasi wakaruka. Nilimsomea Elisée yote. Aliuliza kama Gavana yu mzima. Nikamwambia yupo. Basi.

Sasa nikupe yangu. Jumanne gari liliingia uani, akashuka Susan, mke wa Griffins. Unamsikia tu, hujamwona. Ni nesi, mwanamke wa heshima, alikuwa bado na nguo za hospitali chini ya koti. Sikumkaribisha ndani. Tuliongea tumesimama kwenye barafu. Alisema wenye farasi wamewachukua farasi wao, wamebaki wanne wa Griffins mwenyewe na Gavana, ambaye mwenye farasi amemtupa kwa kuwa ana ufa. Kila banda limewakataa, na baridi ni hii. Akasema, “Dada Kasika, wanyama hawana kosa.”

Nina vizimba vitano vitupu. Alijua, maana zamani walikuwa wakija hapa kula nyama choma.

Nikamwambia walete. Chakula watalipa, mahali ni bure. Lakini kuna sharti. Mavi atayatoa Griffins mwenyewe. Ya farasi wake na ya farasi wangu, kila asubuhi, kwa mikono yake, na njia ya kutoka nyumbani mpaka bandani ataisafisha theluji yeye. Si kijana wa kuajiriwa, si wewe Susan. Yeye. Na atapita mbele ya dirisha la jikoni kila anapoingia na kila anapotoka.

Susan alinitazama sana. Akasema atamwambia.

Griffins alikuja kesho yake na lori. Hakunisalimu, wala mimi sikumsalimu. Nilimwonyesha beleshi lilipo. Shekinah, yule mtu wa suti ya kijivu sasa anasukuma wilbaro la samadi kwenye upepo unaokata masikio, na likipinduka anaokota moja moja. Mimi nakunywa chai yangu mlangoni, naona ina ladha ambayo haijawahi kuwa nayo.

Kasika


Phoenix
3 Machi 2025

Yaya,

Shikamoo. Nimefurahi Gavana yuko mahali penye joto. Mpapase goti kwa ajili yangu.

Nakuuliza neno moja tu: Elisée ulimuuliza?

Shekinah


Champlin
9 Machi 2025

Shekinah,

Nimuulize nini? Dirisha ni lake, yeye ndiye mwenye kiti cha mbele. Namwona anavyotazama. Juzi Griffins aliteleza akaanguka na wilbaro, nikageuka, nikamwona Elisée anatabasamu. Tangu Griffins aanze, Elisée anaamka kabla yangu, anavaa, anakaa pale tayari. Miezi mingi nilikuwa namwamsha kwa kumbembeleza. Hiyo ni dawa. Hakuna daktari wa hospitali aliyempa dawa kama hiyo.

Mzee Bagalwa alikuja kunionya kwamba kanisani wanasema. Nikamwambia waseme. Griffins aliposema uongo walinyamaza; mbona wakati ule hawakuona neno la kusema?

Kazi inaendelea vizuri. Farasi wangu wawili nimeanza kuwakimbiza mwendo wa kati. Naye Griffins anawatazama. Jana alifungua mdomo akasema yule mwekundu angefaa mbio ndefu. Ana haki ya kusema hivyo, anajua farasi, lakini mimi nilimwelekeza kwa kidole kizimba ambacho hajakimaliza.

Nitamweka mpaka mwezi wa tano. Ikibidi, mpaka kiangazi.

Kasika


Champlin
23 Machi 2025

Shekinah, mdogo wangu,

Hujazoea kupata barua yangu. Mkono bado una nguvu, ni uvivu tu.

Uliuliza kama niliulizwa. Kasika alinisomea swali lako kwa hasira, kwa hiyo nikajua kwamba kuna mtu mmoja aliyelifikiria. Sikuulizwa. Nilikuwa naamka mapema, ndiyo, kwa sababu nilikuwa nasikia lile beleshi likikwaruza barafu chini ya dirisha langu na sikuweza kulala tena. Nilikuwa navaa kwa sababu sikutaka anikute na nguo za kulalia. Siku aliyoanguka na wilbaro sikutabasamu. Niliuma meno. Jinsi alivyoanguka, ubavu kwanza, ndivyo nilivyoanguka mimi. Kasika alikuwa mbali, na kioo kilikuwa na mvuke.

Yeye alikuwa anaonja kisasi chake mara moja asubuhi, na chai. Mimi nilimtazama mtu yule siku nzima, hata baada ya kuondoka.

Jumatatu Kasika alienda Anoka kununua majani. Nikavaa koti, nikatoka. Ile njia Griffins alikuwa ameisafisha vizuri, hakuna hata tonge la theluji, magurudumu yakapita. Nilimkuta kwenye kizimba cha Gavana. Aliponiona aliacha uma wa samadi ukaanguka. Tukatazamana. Gavana akaja kuninusa magoti, na nilimwona akishangaa kwa nini hayasogei.

Griffins akapiga magoti pale pale kwenye majani yaliyolowa. Akasema, “Elisée, nilidanganya. Hukulala. Nilijua goti lile lilikuwa bovu, nikaogopa kupoteza kila kitu, nikakutupa wewe. Nisamehe, ndugu yangu, kwa jina la Yesu.”

Nilikuwa nimengoja maneno hayo tangu hospitali. Nilifikiri yakija nitalia, au nitampiga. Nilimwambia ainuke, kwa sababu alikuwa anamsumbua farasi. Kisha nikamwambia, “Uliyoyasema juu yangu mbele ya wale wasimamizi, nenda ukayaondoe mbele yao hao hao, kwa mdomo huo huo. Ukimaliza usirudi hapa. Msamaha sina. Kama Mungu anao, mwombe yeye.”

Akauliza kama ni neno langu la mwisho. Nikamwambia amalize kizimba kwanza.

Alikwenda. Susan ndiye aliyemwendesha, na alisimama nyuma yake mpaka akamaliza kusema yote. Alhamisi msimamizi mkuu alinipigia simu. Alisema jina langu limesafishwa, kwamba watatangaza, kwamba wanasikitika. Griffins hatapata tena kibali cha kufundisha farasi, si mwaka huu wala mwingine. Mzee Bagalwa alilisema kanisani leo, mbele ya wote, na Njeri alikuwepo, amerudi kutoka huko kwenu. Alinijia mlangoni akaniambia amekoma kukuita nyoka. Nikamwambia akuandikie mwenyewe.

Farasi wanne Susan amewauza kwa mtu wa Wisconsin. Gavana ameachwa kwetu. Hatakimbia tena, lakini anakula kama anayejiandaa.

Kasika hakuongea nami siku mbili. Alisema nimemnyang'anya. Nikamwambia miguu ni yangu, uongo ulikuwa juu yangu, na mdaiwa alikuwa wangu. Alikuwa ananilipizia kwa ladha yake. Alitoka akatoa mavi ya vizimba vyote peke yake, akarudi amenuna, akanipikia ugali na dagaa. Nikaula wote. Akaona, akaniuliza yule mwekundu namwonaje. Nikamwambia Griffins alisema kweli, anafaa mbio ndefu. Sasa asubuhi tunatoka wawili. Yeye anawakimbiza, mimi nakaa pembeni na saa mkononi namwambia wapi anakosea, naye anapiga kelele.

Utataka kujua kama nilifurahi siku ile ya simu. Nilifurahi, Shekinah, sitakuficha. Nilifurahi kwa ubaya kabisa, nikicheka peke yangu jikoni. Furaha ile ilikaa mpaka jioni. Halafu ikafika saa ya kulala, na ilibidi Kasika aje aniinue miguu, mmoja, kisha wa pili, aiweke kitandani.

Kaka yako,
Elisée